Ujumbe wa Kwanza wa Asubuhi

Benchi letu ni mlango wa zamani uliopigiliwa misumari juu ya magogo mawili, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Tundu la kitasa bado lipo, na ukikaa vibaya linakubana. Ng'ambo ya barabara kuna kituo cha afya chenye geti la buluu. Asubuhi ninayoisimulia, ukungu ulikuwa umekaa chini chini, watu wanapita wanaonekana nusu nusu, kama waliotangulia kufika kabla ya kuamka. Tulikuwa wanne, kama kawaida. Kuna kinyozi, tunayemwita Antena kwa sababu hakuna habari inayompita. Kuna Koki, fundi bomba, ambaye hata akija kupumzika spana iko mfukoni. Kuna Bi Swichi, aliyekuwa opareta wa simu miaka thelathini na moja, enzi za kuchomeka waya kwenye ubao kwa mkono. Yeye ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo ndiye mwenye kikao. Na mimi, wananiita Soli.

Wa tano akavuka barabara bila kutazama magari, kompyuta kaikumbatia kifuani. Ni binti wa kaka yangu. Antena alimpa jina la Tarakilishi siku alipomsikia mtangazaji mmoja akiita kompyuta hivyo, na jina likaganda.

— Shikamooni.

— Marahaba, — tukaitikia.

— Baba mdogo, naomba nikae hapa. Kule ndani wananitazama sana.

Nikamsogezea ule upande usio na tundu. Bi Swichi akammiminia kahawa bila kuuliza.

— Macho mekundu, — akasema Bi Swichi. — Umelala kweli?

— Nimelala kidogo, Bi. Nimeota nafungua milango. Kila ninaoufungua, nyuma yake kuna mtu kashaondoka.

— Ni ile kazi ya kituo cha afya? — Koki akauliza.

— Ndiyo hiyo. Wamenipa mpaka saa sita mchana. Nisipopata dawa yake wanang'oa kila kitu, wanarudia makaratasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maabara ya kituo iko nyuma, chumba cha daktari kiko mbele, na katikati kuna ua. Zamani majibu ya vipimo yalivushwa uani kwa karatasi. Mvua ikinyesha yanalowa, na siku nyingine jibu la huyu linaangukia kwa yule. Binti yetu akaombwa atengeneze njia, jibu litoke kwenye kompyuta ya maabara litokee kwenye ya daktari. Akaitengeneza, watu wakafurahi. Ila kulikuwa na jambo moja: kila asubuhi, jibu la kwanza halikufika. Maabara wanaona limetumwa, daktari haoni kitu, na hakuna mahali palipoandikwa kosa. La pili linafika, la tatu linafika, mpaka jioni. Lile la kwanza tu ndilo halina habari. Mhudumu wa maabara alikuwa amelizoea, la kwanza analituma mara mbili. Lakini juzi aliugua, akashikiwa zamu na mtu asiyejua. Na jibu la kwanza siku ile lilikuwa la mama mjamzito aliyepungukiwa damu.

— Alikaa kwenye kiti cha nje saa mbili nzima, — Tarakilishi akasema, kikombe kakishika kwa mikono yote miwili. — Daktari anangoja jibu. Maabara wanajua limeshakwenda. Mpaka akaanguka.

— Si wamemwongezea damu lakini? — nikauliza.

— Wamemwongezea, na mtoto yuko salama tumboni. Jana nilikwenda kumwona wodini. Akadhani mimi ni muuguzi. Akanishika mkono, akanishukuru. Sikuweza kumwambia.

Gari likapita ndani ya ukungu, tukalisikia zaidi kuliko tulivyoliona. Antena akakohoa, maana kimya humkera.

— Hebu tueleze sisi tusiosoma. Huo ujumbe unapitia wapi?

— Nimetumia maktaba ya kupelekea ujumbe.

— Maktaba? Na vitabu vyake?

— Si ya vitabu. Ni programu walizoandika watu wengine, wakaziweka pamoja, mwenye shida achukue. Baba mdogo hachemshi gundi yake mwenyewe, ananunua kopo. Basi hilo ndilo kopo langu. Mimi naandika tu "peleka". Yenyewe inajua kufungua njia, kupanga foleni, kuunganisha upya waya ukikatika.

— Na maelezo ya kopo umeyasoma? — Koki akauliza.

Akatabasamu kidogo, kwa aibu.

— Nilisoma ukurasa wa kuanzia. Mistari kumi. Unaandika "hujambo" upande huu, inatokea upande wa pili. Ilipotokea nilicheka peke yangu chumbani. Nikaona nimemaliza.

— Hapo ndipo tunaponaswa wote. Bomba la mfano dukani halivuji kamwe.

Koki akanyoosha miguu. Nikajua nadharia inakuja.

— Mimi nakwambia hiyo ni hewa. Bomba likikaa bila kutumika, asubuhi ukifungua maji hayatoki, linakoroma tu. Ujumbe wako wa kwanza unasukuma hewa. Ukifika mwisho umeshachoka.

— Ujumbe hauchoki, Koki, — nikasema. — Mimi naona huko mwisho ndiko kwenye shida. Mtu ukimwamsha ghafla ukamwambia neno, anakujibu vizuri kabisa. Mchana ukimuuliza, anaapa hukumwambia. Kompyuta ya daktari inapokea jibu ikiwa bado na usingizi.

— Nyote hamjafika, — akasema Antena, na akashusha taulo begani kama anayeanza kazi. — Alfajiri ndiyo saa ya watu kuota. Ujumbe unatoka maabara, hewa imejaa ndoto za watu, unaingia kwenye ndoto ya mtu. Mke wangu juzi kaniamsha, ananiambia kuna sauti ilikuwa inamsomea namba. Sita na nne, sita na nne. Mpaka akakasirika.

Tarakilishi akaweka kikombe chini.

— Damu ya yule mama ilikuwa sita nukta nne.

Tukamtazama Antena. Hakuna aliyekuwa amemtajia namba ile. Au alitajiwa akasahau, maana masikio yake tunayajua. Yeye mwenyewe alionekana kashtuka, akajifuta uso na taulo ambalo halikuwa na maji.

— Basi mimi nabadilisha, — Koki akasema polepole. — Si hewa. Kuna mtu mmoja mji mwingine, ana kompyuta, kila asubuhi anapata jibu la damu lisilo lake. Jumatatu ana homa. Jumanne kisukari. Juzi kaambiwa ana mimba. Yuko chumbani kwake anasikitika, na hana wa kumuuliza.

— Na anajitahidi kunywa dawa zote, — nikaongeza.

Hapo binti yetu akacheka, mara ya kwanza tangu aje. Kicheko kilitoka kwa shida lakini kilitoka. Bi Swichi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama ukungu kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

— Nionyeshe, — akasema. — Usinieleze. Nionyeshe.

Tarakilishi akafungua kompyuta mapajani. Kwenye kioo akaweka vidirisha viwili, kimoja juu yake ameandika Maabara, kingine Daktari.

— Hapa zote ziko ndani ya kompyuta moja, lakini zinazungumza vilevile. Nafungua zote mbili, halafu Maabara inatuma namba, moja mpaka kumi. Polepole, kama pale kituoni.

Akabonyeza. Sote tukainama, vichwa vikagongana. Upande wa Maabara: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Upande wa Daktari: mbili, tatu, nne, mpaka kumi.

— Moja haipo, — Koki akanong'ona.

— Rudia, — akasema Bi Swichi. — Safari hii tuma harakaharaka, usipumue katikati.

Akabadilisha kitu, akabonyeza. Maabara: moja mpaka kumi, kufumba na kufumbua. Daktari: tano, sita, saba, nane, tisa, kumi.

Tarakilishi akabaki na kidole hewani.

— Zimepotea nne.

— Eh. Kwa hiyo si ujumbe wa kwanza unaopotea, mwanangu, — Bi Swichi akasema. — Ni muda wa kwanza. Chochote kitakachosemwa ndani ya muda huo kinakwenda na maji. Ukisema kimoja, kinakwenda kimoja. Ukisema vinne, vinakwenda vinne. Sasa nijibu: huyu wa maabara akiamka, kitu cha kwanza anachofanya ni nini?

— Kutuma. Kuna majibu ya alfajiri yanamngoja, programu ikifunguka tu inalituma lililo mbele.

— Na huyu wa daktari, anakuwa ameshakaa kitini?

Binti akaviinamia vidirisha. Niliona midomo yake inatembea bila sauti.

— Anakuwa bado anavuta kiti, — akasema mwishowe. — Njia kati yao inachukua kitambo kufunguka. Kidogo sana, lakini inachukua. Na njia niliyochagua ni ya kutangaza, kama redio. Usipokuwa umefungua redio, mtangazaji hakungoji wala hakuwekei maneno kando. Halafu hakuna kosa la kuandika, kwa sababu yeye ametangaza kweli. — Akajishika kichwa. — Tangu juzi natafuta mwizi, kumbe hakuna aliyeiba.

— Si umwambie angoje sekunde moja? — Koki akasema.

— Niliweka sekunde moja juzi jioni. Nyumbani ikakubali, kituoni ikakataa. Waya wa kule ni mzito. Nikawaza niweke mbili, au tano, au kumi. Kila namba naiona ni ya kubahatisha.

Bi Swichi akafunika chupa ya kahawa kwa kiganja, kama anayezuia joto lisitoke.

— Sisi hatukuhesabu sekunde. Mtu anapiga kutoka mbali, nachomeka waya, simwachii azungumze. Kwanza naita upande wa pili mimi mwenyewe. Halo. Halo. Halo. Mpaka nisikie mtu, hata akohoe tu. Nikishamsikia ndipo namwambia wa kwanza, haya, sema.

— Na ukiunganisha mapema? — Tarakilishi akauliza.

— Niliunganisha mapema siku yangu ya kwanza kazini. Mwanamume mmoja akasema maneno yake yote, taratibu, hakupumzika. Akakata. Ndipo upande wa pili akaja mwanamke, halo, halo. Nilimwambia simu imekatika. Mpaka leo sijui yule bwana alisema nini. Nilikuwa na masikio yote mawili, lakini nilikuwa nashughulika na waya mwingine.

Binti akaanza kuandika. Vidole vyake vilikwenda kama mvua nyembamba juu ya bati. Mara ya kwanza akafanya hivi: kompyuta ya daktari ikiamka, itume neno "nipo" kwa njia nyingine, na maabara isitume jibu lolote kabla ya kulipokea. Akajaribu. Moja ikapotea tena. Nilimwona mabega yanashuka.

— Amesema yupo, — akanong'ona. — Lakini kumbe hasikii bado.

— Aliamka tu, — Bi Swichi akasema. — Asiseme nipo kwa sababu ameamka. Aseme nipo kwa sababu ameisikia sauti yako. Wewe ndiye uanze. Halo, halo, kwa njia ileile utakayopitishia jibu.

— Maabara iite na kuita. Daktari akiusikia mwito, ndipo ajibu nipo. Maabara ikisikia nipo, ndipo itume.

— Hivyo.

— Umeweka valvu, — Koki akasema kwa heshima.

Saa zikaenda bila kelele. Ukungu ukanyanyuka kidogo kidogo, geti la buluu likapata miguu, halafu kiuno, halafu likawa geti. Antena alinyoa vichwa viwili na kurudi. Mimi nilikuwa na kiatu cha shule mkononi, na nilishona tundu moja mara mbili nikafumua. Kaka yangu hajui kompyuta, lakini jana yake alinipigia simu akaniuliza kama binti yake anakula. Nilimwambia anakula, bila uhakika.

Saa tano na dakika ishirini kidirisha cha Daktari kikaonyesha moja. Chini yake mbili. Akazima zote, akafungua zote, akajaribu polepole, akajaribu harakaharaka. Moja ikawa ipo kila mara. Akafunga kompyuta, akavuka barabara, na safari hii akatazama magari.

Tukabaki tunalitazama geti. Ni vigumu kukaa na watu watatu wanaotazama geti. Koki alifungua na kufunga spana. Bi Swichi alikuwa amefumba macho, ila najua hakulala, maana Antena alipojaribu kukijaza kikombe chake alimwondoa mkono.

Akarudi saa sita kasoro dakika tano, anatembea taratibu. Akakaa.

— Imefika.

— Ya kwanza?

— Ya kwanza. Muuguzi mkuu hakutaka namba za mchezo. Alikunja mkono wa gauni, akajitoa damu yake mwenyewe, akasema ipimwe hiyo, itumwe hiyo. Tukazima na kuwasha mara tano. Mara zote tano damu ya muuguzi mkuu ilifika. Akasema haya, makaratasi yakae kabatini.

Koki akapiga paja lake kofi moja. Antena akasema alijua tangu asubuhi, tukamwacha aseme.

— Halafu nikapita wodini, — Tarakilishi akaendelea, na sauti ikashuka. — Nikamwambia yule mama. Nikamwambia mimi si muuguzi, mimi ndiye niliyetengeneza ile njia, na jibu lako lilipotea kwa sababu sikusoma mpaka mwisho.

— Akasemaje? — nikauliza.

— Alinitazama muda mrefu. Akaniuliza kama jibu lake la leo limefika. Nikamwambia limefika. Akasema sawa. Akageukia ukutani, akalala. — Akavuta pumzi. — Safari hii hakunishika mkono. Nimeona ni afadhali hivyo.

Bi Swichi akammiminia kahawa ya mwisho, nzito, yenye machicha.

Tulikuwa bado tumekaa, kila mtu na lake, mama mmoja akasimama mbele ya benchi. Hatukuwa tumewahi kumwona. Alikuwa na mfuko wa nguo, akatoa ndani yake viatu vya kiume, vyeusi, vya ngozi nzuri.

— Habari zenu. Nimeambiwa kuna fundi.

— Nzuri, dada. Ndiye mimi.

Nikavigeuza. Soli zilikuwa hazijalika kabisa, ila gundi ilikuwa imekauka ikaachia, kama inavyotokea kiatu kikikaa sana bila kuvaliwa. Ndani mlikuwa na vumbi laini.

— Hivi havivaliwi, — nikasema.

— Vitavaliwa, mume wangu akirudi.

Nikamwambia angoje kidogo, haichukui muda. Akakaa kwenye ukingo, juu ya lile tundu, wala hakuonekana kujali. Koki hakuweza kujizuia. Akamweleza yote, kuanzia jibu lililopotea mpaka damu ya muuguzi mkuu, na jinsi maabara sasa inavyoita halo, halo, na haisemi neno mpaka upande wa pili useme nipo. Aliyaeleza kama yeye ndiye aliyeyaandika. Yule mama alisikiliza kwa makini sana, mikono kaiweka magotini.

— Na asiposema nipo? — akauliza.

— Vipi?

— Huyu anaita. Yule hajibu. Huyu ataita mpaka lini?

Koki akamtazama Tarakilishi. Tarakilishi akafungua mdomo.

— Inabidi kuweka kikomo, — akasema. — Ikipita miito kadhaa bila jibu, programu iache kuita, iandike kwamba hakuna mtu, mhudumu achukue karatasi apeleke kwa miguu.

— Kadhaa ni ngapi?

Hakuuliza kwa ubishi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, ambaye angeambiwa namba angeondoka nayo. Antena alilitazama taulo lake. Mimi nilikuwa na kopo la gundi mkononi, nikawa napaka mahali nilipokwisha kupapaka. Tukamgeukia Bi Swichi, aliyeita watu miaka thelathini na moja, na Bi Swichi akaitikisa chupa, akaiinamisha juu ya kikombe alichomwekea yule mama. Halikutoka hata tone.

— Samahani, — akamwambia. — Imeisha.

— Si kitu, — yule mama akasema. — Nimeuliza tu.

Nikabana kiatu cha kwanza, nikachukua cha pili. Tarakilishi aliifungua tena kompyuta mapajani, akashuka mpaka mstari ule unaosema maabara iite, na iendelee kuita. Akafuta hilo la mwisho, akaandika iite mara. Mahali pa namba pakawa wazi, na kile kialama chembamba cha kuandikia kikasimama hapo kinawaka na kuzimika, na yeye anakitazama, vidole viko juu ya vitufe, havigusi.